Nyumba za Wanasesere: Majumba Madogo Yenye Habari Kubwa

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sijui kama ipo nyumba inayoisadiki methali hiyo kuliko nyumba ya wanasesere. Kwa nje huonekana kama kabati la kawaida, au sanduku lililochorwa madirisha. Lakini uvute ukuta wake wa mbele, ambao mara nyingi umetiwa bawaba kama mlango, na nyumba nzima hujifunua mara moja mbele ya macho yako: jiko na sufuria zake za shaba zisizozidi ukubwa wa kifungo cha koti, sebule na viti vyake vya mahameli, ngazi, chumba cha kulala cha wenye nyumba, na juu kabisa, chini ya paa, chumba cha mtumishi chenye kitanda kimoja kisicho na pazia.

Juma hili, ndugu msomaji, ukurasa huu unakuchukua hadi Ulaya, kwa watu wazima ambao hutumia saa zao za mapumziko kukusanya, kutengeneza na kupamba nyumba hizo za kale. Usicheke upesi ukadhani kuwa ni utoto umewarudia uzeeni. Ndani ya kazi hiyo umo ubishi mzito, unaomhusu kila mtu aliyerithi kitu kikongwe kutoka kwa wazee wake: je, kilichochakaa kifanywe kipya, au kitunzwe kwa namna itakayokiacha kiseme umri wake?

HAZIKUWA ZA WATOTO

Nyumba ya wanasesere ya kwanza ambayo habari zake zimeandikwa ilitengenezwa mwaka 1558 kwa ajili ya Albrecht wa Tano, mtawala wa Bavaria katika Ujerumani. Ilikuwa na zizi la farasi, jiko na ukumbi wa dansi. Hata hivyo haikuachwa mikononi mwa mtoto ye yote. Iliwekwa mjini Munich pamoja na hazina za sanaa za mtawala huyo. Baadaye iliteketea kwa moto, na leo tunaijua kwa sababu ya karatasi: mwaka 1598 ilifanywa orodha ya hazina hizo, na mwandishi wa orodha aliitaja nyumba hiyo pamoja na yaliyokuwamo. Liweke jambo hilo moyoni, maana tutalirudia. Mbao ziliungua, maandishi yakabaki.

Mwaka 1631, katika mji wa Nuremberg, mwanamke aitwaye Anna Köferlin alionyesha nyumba yake ya wanasesere kwa watu waliolipa kiingilio. Alieneza tangazo lililochapwa, akieleza kuwa nyumba hiyo ni chombo cha kuwafunzia watoto namna ya kutunza nyumba. Nyumba yake nayo imepotea, tangazo lingalipo.

Wadachi walizidisha fahari. Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara tajiri wa hariri mjini Amsterdam, alianza kulijaza kabati lake mnamo mwaka 1686, akaendelea hadi mwaka 1710 hivi. Kabati hilo, ambalo limo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, limenakshiwa kwa gamba la ng'amba na bati. Vyombo vyake vya kauri viliagizwa kutoka China vikiwa vidogo kama punje. Inakadiriwa kwamba bibi huyo alitumia gilda kati ya 20,000 na 30,000, fedha ambazo zingaliweza kumnunulia nyumba ya kweli kando ya mifereji ya mji ule. Naam, nyumba ya kuchezea iliigharimu familia kiasi cha nyumba ya kukaa!

Mdachi mwenziwe, Sara Rothé, ndiye anayetuleta kwenye mada yetu hasa. Mwaka 1743 alinunua mnadani makabati matatu ya namna hiyo yaliyokwisha kuwa ya kale. Alivitoa vitu vyake, akavitengeneza, akaongeza vingine, akavipanga upya katika makabati mawili aliyoyaagiza kwa mafundi, huku akiandika alichofanya na alichotumia. Makabati hayo yamehifadhiwa katika miji ya Haarlem na The Hague. Kwa hiyo kazi ya kukusanya na kutengeneza nyumba za wanasesere imekaribia umri wa miaka 300. Lakini tazama pia upande wa pili: ili kupatikana kwa hayo mawili, matatu yalivunjwa. Ubishi wetu ulikwisha kuzaliwa siku ile.

MABWANA WA NTA, WATUMISHI WA MTI

Katika jumba la kikabaila la Uppark, kusini mwa Uingereza, imo nyumba ya wanasesere iliyotengenezwa kati ya mwaka 1735 na 1740 hivi. Mabwana na mabibi wakaao ndani yake wana nyuso laini za nta. Watumishi wao wamechongwa kwa mti. Aliyewatengeneza hakukusudia kutuandikia historia ya matabaka. Alifanya tu vile alivyoona kuwa ni sawa na desturi. Ndiyo maana ushahidi wake una nguvu. Aliyejua kwamba anashuhudia angeweza kusema uongo, lakini huyu hakujua.

Sarah Wells, mama yake mwandishi H. G. Wells, alikuwa msimamizi wa watumishi katika jumba hilohilo la Uppark tangu mwaka 1880 hadi 1893. Katika riwaya ya mwanawe iitwayo Tono-Bungay, iliyotoka mwaka 1909, yumo mtoto wa mtumishi anayepata nafasi ya kuichezea nyumba kubwa ya wanasesere, naye huichezea chini ya amri za binti wa kikabaila. Hata katika mchezo, mmoja aliamuru na mwingine akatii. Jumba la Uppark liliungua vibaya mwezi Agosti 1989, lakini ile nyumba ndogo iliokolewa, pamoja na mabwana zake wa nta na watumishi wake wa mti.

Hii ndiyo thamani ya kwanza ya vitu hivi. Vitabu vingi vya zamani vilisimulia vita vya wafalme na ndoa zao. Ni vichache vilivyojali kueleza jinsi shuka zilivyofuliwa, zilianikwa wapi siku za mvua, na nani alizipiga pasi. Katika nyumba ya Petronella Oortman, karibu na paa, kimo chumba cha kuanikia na kunyooshea nguo. Kazi ya mikono iliyosahauliwa na waandishi imehifadhiwa pale na mwanasesere.

KUTOKA KABATI LA TAJIRI HADI DUKANI

Karne ya 19 ilizitoa nyumba hizo katika majumba ya matajiri ikazipeleka viwandani. Mjini Marienberg, katika jimbo la Saxony, Ujerumani, kiwanda cha Moritz Gottschalk, kilichoanza mwaka 1865, kilibandika juu ya mbao karatasi zilizochapwa kwa rangi, zikaiga matofali, vigae na madirisha. Mapaa ya nyumba zake za awali yalipakwa rangi ya buluu. Tangu mwaka 1910 hivi yakageuka kuwa mekundu. Mjuzi hulitazama paa akakadiria umri wa nyumba kabla hajaufungua ukuta. Katika mji wa Waltershausen nako zilitengenezwa samani ndogo zenye kuiga mbao nyekundu za thamani, zikiwa na nakshi za rangi ya dhahabu.

Lakini tusiishie kuusifu uzuri tukaisahau mikono. Katika milima ya Saxony na Thuringia, sehemu kubwa ya vitu vya kuchezea ilitengenezwa na familia maskini majumbani mwao, kwa ujira wa kuhesabiwa kitu kimoja kimoja. Watoto walichonga, wakabandika na kupaka rangi tangu wakiwa wadogo, ili watoto wengine wapate kucheza. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1903 ilijaribu kuiwekea mipaka kazi ya watoto, hata ile iliyofanyika nyumbani. Mkusanyaji anapokishika kiti kidogo cha miaka hiyo na kukiona kimepakwa rangi kwa haraka, na mstari mmoja umepinda, yafaa akumbuke kwamba huenda mkono uliopinda ulikuwa wa mtoto aliyechoka.

Uingereza, ndugu watatu wa ukoo wa Lines waliviuza vitu vyao kwa jina la Tri-ang. Jina la ukoo wao lina maana ya mistari, na mistari mitatu hufanya pembetatu. Nyumba zao ziliingia katika maelfu ya familia za kawaida hadi kampuni ilipoanguka mwaka 1971. Nyumba hizo za dukani, ambazo zamani hakuna aliyezithamini, leo nazo hutafutwa na wakusanyaji.

MAMA ALIYEPOTEZA NYUMBA

Hakuna mkusanyaji aliyetajwa sana Uingereza kuliko Vivien Greene, aliyezaliwa mwaka 1904 na kufariki mwaka 2003. Mumewe alikuwa Graham Greene, mtunzi mashuhuri wa riwaya. Mwaka 1940, wakati ndege za Wajerumani zilipokuwa zikiushambulia mji wa London, nyumba ya familia hiyo katika mtaa wa Clapham iliharibiwa kwa bomu. Mama huyo na watoto wake wawili wakawa wageni katika nyumba za watu. Vita vikiwa bado vinaendelea, akiwa mjini Oxford, alinunua mnadani nyumba ya kwanza ya wanasesere. Katika usiku wa giza la vita, ambapo kila dirisha lilizibwa ili mwanga usionekane angani, alikaa akiitengeneza na kuitafutia samani.

Yanayopita moyoni mwa mtu hatuwezi kuyajua yote. Lakini ni nani asiyeona uhusiano kati ya nyumba iliyobomolewa na nyumba iliyotengenezwa? Wala mama huyo hakuishia kwenye kujifariji. Ndoa yake ilivunjika, naye akaifanya kazi hiyo kuwa elimu. Alisafiri, akapima, akaandika, na mwaka 1955 akatoa kitabu juu ya nyumba za wanasesere za Kiingereza za karne ya 18 na 19, kilichofungua njia kwa watafiti wengi. Mwaka 1962 alifungua karibu na Oxford jengo la duara lililoitwa Rotunda, akaonyesha humo mkusanyo wake. Makumbusho hayo yalifungwa mwaka 1998, na nyumba zilizokuwamo zikauzwa mnadani.

Kulikuwa na sharti moja huko Rotunda linaloshangaza: watoto walio chini ya umri wa miaka 16 hawakuruhusiwa kuingia. Wako watakaosema kuwa huo ni ukatili, maana kitu cha kuchezea kisichochezewa ni maiti iliyopambwa. Wako watakaojibu kwamba kikombe kilichodumu miaka 200 huweza kupondwa kwa nukta moja na kidole chenye upendo. Wote wawili wana haki. Wakusanyaji wengi hulimaliza shauri hilo kwa kuwa na nyumba mbili: moja ya kale ya kutazamwa, na nyingine mpya ya wajukuu kuivunja watakavyo.

MKONO WENYE KUJIZUIA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mtu ameipata nyumba ya kale darini kwa bibi yake, au sokoni penye vitu vikuukuu. Paa limepasuka, karatasi za ukutani zimechanika, ngazi imeng'oka. Shauku ya kwanza ni kununua kopo la rangi. Hapo ndipo hatari ilipo. Brashi moja, mchana mmoja, yaweza kufuta kilichodumu miaka 100, na kikishafutwa hakuna fundi duniani awezaye kukirudisha. Kwa ajili hiyo mafundi wazoefu wamejiwekea kanuni, na zifuatazo ndizo kubwa.

Kwanza, tazama kabla hujagusa. Piga picha kila chumba, pima, andika. Chini ya karatasi ya ukutani iliyo juu mara nyingi imo nyingine, na chini yake nyingine tena. Kila tabaka ni kizazi cha watoto waliopewa ruhusa ya kupamba upya. Wakati mwingine gazeti kuukuu limebandikwa chini yake, na tarehe yake hutoa ushahidi usiopingika. Orodha ya mwaka 1598 imetufundisha kwamba maandishi huweza kudumu kuliko mbao.

Pili, safisha kwa ukavu. Tumia brashi laini, kipembe kwa kipembe. Maji huyeyusha rangi za karatasi za kale na kuzibandua.

Tatu, chunguza wadudu. Unga mpya unaodondoka kutoka vitundu vya mbao ni dalili kwamba dumuzi angali hai ndani. Majumba ya makumbusho hukifunga kitu katika mfuko usiopitisha hewa, kisha hukigandisha kwa baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa muda wa siku tatu. Dumuzi hufa, wala rangi haidhuriki kwa dawa.

Nne, usipige msasa. Rangi za zamani mara nyingi zimechanganywa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Baadhi ya karatasi za kijani za karne ya 19 zilitiwa aseniki. Nyumba yenye kuvutia kama peremende yaweza kuwa na sumu, kwa hiyo mikono ioshwe baada ya kazi, na mtoto asiachwe kuilamba.

Tano, tumia gundi inayokubali kubanduliwa. Kwa karatasi, gundi ya unga wa ngano uliopikwa. Kwa mbao, gundi ya ngozi kama waliyoitumia maseremala wa kale. Zote hulainika tena kwa unyevu na joto. Gundi kali za kisasa hushika milele, na kosa lililogandishwa nazo hugandishwa milele. Utepe wa plastiki wenye gundi ni adui mkubwa zaidi, kwani hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka.

Sita, ukiongeza kitu, ukiri. Nguzo mpya ya ngazi iandikwe chini yake, kwa penseli, mwaka ilipotengenezwa. Asiyeandika leo humfanya mwingine kesho auze kipya kwa jina la kale, na hapo ufundi hugeuka udanganyifu.

Utaona, ndugu msomaji, kwamba kanuni hizi karibu zote ni za kujizuia. Si kwamba nyumba iachwe ioze. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na paa linalovuja lazima lizibwe. Lakini kuziba ufa ni jambo moja, na kuupaka ukuta mzima rangi ili ufa usijulikane ni jambo jingine.

SAMANI: KILICHOPUNGUA KISEME

Kupamba nako kuna adabu zake. Tangu karne ya 20 watengenezaji wengi hufuata kipimo cha inchi moja kwa kila futi, yaani kitu halisi hugawanywa mara 12. Ndicho kipimo cha nyumba maarufu ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyobuniwa na Edwin Lutyens na kuonyeshwa Wembley mwaka 1924. Ina taa za umeme, lifti zinazopanda na mifereji inayotoa maji, nayo inaonyeshwa katika ngome ya Windsor. Zaidi ya watu 1,600,000 waliiona mwaka ule.

Lakini nyumba za watoto wa kawaida hazikujua kipimo. Birika lilikuwa kubwa kuliko jiko, na kuku sawa na sofa. Mkusanyaji mgeni huona kasoro akataka kuirekebisha. Mkusanyaji mzoefu huiacha, kwa kuwa ndivyo mtoto alivyopanga. Kadhalika huvitunza vitu vya kujitengenezea: almari ya viberiti vitatu vilivyogundishwa, yenye ushanga mmoja kwa kila kishikio, au kiti kilichotengenezwa kwa mbegu ya mti, pini na uzi wa sufu. Fedha haikuwapo, akili ikafanya kazi. Vitu vya namna hiyo havipatikani dukani, na ndivyo vya kwanza kutupwa na asiyejua.

Kanuni ya samani ni rahisi: kitu kinaweza kuwa kikongwe kuliko nyumba, kama ilivyo katika nyumba zetu za kweli, ambamo kiti cha babu hukaa sebuleni mwa mjukuu; lakini kisiwe kipya kuliko wakati unaotaka kuuonyesha. Tena kabla ya kununua, tazama ukutani. Karatasi iliyofifia kwa mwanga huacha umbo lenye rangi nzito pale palipokuwa na kabati au picha. Umbo hilo hukueleza nini kilisimama hapo na kilikuwa na urefu gani. Ukikipata kinachofanana nacho, kiweke. Usipokipata, paache wazi. Pengo la kweli ni bora kuliko pambo la uongo.

NASI JE?

Huenda ukauliza, haya yananihusu nini mimi nikaaye katika vyumba viwili vya kupanga, nisiye na kabati la gamba la ng'amba? Ni swali la haki. Wengi wetu hatutainunua nyumba ya wanasesere ya karne ya 18, wala si lazima tuitamani.

Lakini nyumbani kwako yamo ya kale yako. Kipo kinu cha bibi, kiko kitanda cha kamba cha babu, kipo kigari cha waya ambacho mwanao alikipinda kwa mikono yake mwenyewe, na pengine vile vifuu na vikopo ambavyo binti zako walivifanya vyungu walipocheza kupikapika uani. Vitu hivi vinasema kweli juu ya maisha ya watu wafanyao kazi, kweli ambayo hapana mwanahistoria atakayeikuta katika hotuba. Ulaya iliwatunza watumishi wake wa mti kwa bahati tu, kwa kuwa walikaa nyumba moja na mabwana wa nta. Sisi tusiingoje bahati.

Basi, kabla hujakipeleka kiti cha mzee kwa fundi akipige vanishi mpya, muulize mzee kilitengenezwa na nani, wapi na mwaka gani. Andika jibu kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, ukibandike chini ya kiti kwa gundi ya unga wa ngano. Kisha fundi naye akaze mguu unaolegea, na vanishi ingoje.